Mtama Uliokunywa Chini

Ubena,
mwisho wa mwezi wa nane

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imepunguza kuuma, na dada Mwajuma kifua hakijambana tena. Sisi huku hatujambo, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Hatujambo kweli. Mke wangu Tatu amejifungua salama, mtoto wa kike. Leo ana siku kumi na tisa, ananyonya, analia, analala, kama watoto wa watu. Shambani tumevuna. Hatujahama. Nimeanza na mwisho kwa sababu najua barua yangu ya mwezi wa tano ilikunyima usingizi, na sitaki usome kurasa zote hizi roho ikiwa juu juu.

Barua yako niliipokea dukani Chalinze, na mwandiko sikuujua. Nikadhani dada ameumia mkono. Kumbe ni wewe mwenyewe, mama. Wewe uliyetufundisha sote alifu na bee kwa kijiti, leo unakwenda darasani jioni na akina Bi. Zuhura kujifunza hizi za kushoto kwenda kulia. Niliisoma palepale nimesimama, mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, mama yangu ameandika. Ndiyo maana nawe nakuandikia kwa herufi zilizoachana, usilazimike kumwita mtu akusomee.

Umeandika, "Bakari rudi." Mama, nilikuwa karibu kurudi. Ile barua niliiandika siku mbaya kuliko zote, na ngoja nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo ili uelewe kwa nini sasa sirudi.

Unajua kwamba walipotupunguza kwenye mkonge, wenzangu wengi walishika njia ya Dar es Salaam. Mimi nilikwisha oa huku, nikapewa shamba kijijini, pembeni mwa bonde. Kulima sikukujua sana. Kwetu Kilwa nilijua minazi na mhogo wa nyuma ya nyumba, na kwenye mkonge ni kukata majani tu, hupandi wala huvuni chakula. Mwaka huu ndio mwaka wangu wa kwanza kulima shamba zima kwa jembe langu. Karibu na nyumba nilipanda mahindi, maana ndiyo niyapendayo. Mtama niliupanda kwa ajili ya Tatu tu, mbegu alipewa na mama yake, nikaumwaga nyuma ya nyumba mpaka kwenye mteremko wa bonde, na sikuutilia maanani.

Masika yalianza vizuri. Ilinyesha wiki tano, siku nyingi mchana kutwa, udongo ukawa unavuta mguu. Mahindi yakafika magotini, nikawa natembea kijijini kama mtu aliyekwisha vuna. Halafu mvua ikakatika. Siku ya kwanza tulifurahi kuanika nguo. Wiki ya kwanza watu wakasema itarudi. Wiki ya pili wakaacha kusema. Jua lilikuwa kali hata ukikanyaga shambani mchana unaungua nyayo, na majani ya mahindi yakajikunja kama misokoto ya tumbaku.

Tatu alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimwambia asihangaike, yeye akaanza kwenda lambo alfajiri na debe kichwani, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Tulichagua mistari sita ya mahindi iliyo karibu na mlango, tukawa tunaimwagilia, kila shina kikombe kimoja cha bati. Kila siku. Mimi nikitoka kutafuta vibarua namkuta amekwisha kwenda mara mbili. Nikimkataza ananijibu, "Huyu aliye tumboni atakula nini, maneno yako?" Na kweli, mama, ile mistari sita ilikuwa kijani. Mahindi mengine yalikuwa yamefifia na mtama umesimama kimya umeweka unga unga wa kijivu kwenye majani. Tukaona tumepata dawa, shida ni maji ya kubeba tu.

Siku moja asubuhi akaanguka kwenye mteremko wa lambo. Walimleta wanawake wanne, wamemshika mabega na miguu. Alitokwa na damu kidogo. Nakuandikia jambo hili sasa kwa sababu limekwisha, katika ile barua sikuthubutu. Mkunga wa hapa, Bi. Mwanaidi, alikaa naye mpaka adhuhuri, akatoka nje akaniambia mtoto bado yumo, lakini mama asinyanyue hata kibuyu. Alale. Nikaketi kizingitini siku nne. Sikwenda lambo, sikwenda kibarua, kazi yangu ilikuwa kupika uji na kumtazama kama anapumua.

Siku ya nne baba yake akaja. Mzee Kibwana ni mtu mpole, na mimi namheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Alimjulia hali binti yake, akatoka akazunguka shamba peke yake mikono nyuma, kisha akaja akaketi nami kwenye jamvi. Ile mistari sita ya kikombe ilikuwa imelala chini. Siku nne tu bila maji, imelala. Yeye hakuitaja. Aliniuliza habari za Kilwa, akaniuliza habari zako, ndipo akasema:

"Bakari, sikufukuzi. Lakini shamba hili limekufa, na sitaki binti yangu alifuate."

Akasema atamchukua Tatu akajifungulie kwake. Mimi niende Mlingotini, ana ndugu yake huko anakaanga samaki na kuwapeleka Bagamoyo sokoni, hatakosa kunipa kazi ya kubeba. Nikishajiweza nimfuate mke wangu. Alisema kwa upole sana, na hapakuwa na neno la kubisha. Nikamwambia, "Sawa, baba." Alasiri ile ndipo nikakuandikia kwamba nauza jembe.

Sasa, mama, usicheke. Kilichotuokoa ni choo.

Kulikuwa na amri kila nyumba ichimbe shimo la choo, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekwisha nionya mara tatu. Bwana Afya alitarajiwa kupita. Nikajiambia, kama naondoka naondoka, lakini sitaki isemwe kwamba yule mtu wa Kilwa alikimbia choo. Tena Tatu alikuwa bado hapo siku tano mpaka baba yake aje na gari la kumchukua, na sikutaka ahangaike kwenda porini na hali ile. Asubuhi iliyofuata nikachukua sururu na jembe, nikaanza kuchimba nyuma ya nyumba, pale mtama unapoanzia. Nikakata mashina machache ya mtama kupata nafasi.

Shubiri ya kwanza ilikuwa vumbi la moto kama majivu. Nilipofika magotini udongo ulikuwa mgumu, mkavu, sururu inaruka. Nikasema moyoni mzee ana haki, ardhi hii imekufa. Nikaendelea kwa hasira. Nilipofika mapajani jembe likaanza kuingia. Nilipofika kiunoni nikashika udongo nikautupa nje, na mkono ukabaki na ubaridi.

Nikainama nikachukua mwingine, nikaufumba kwenye ngumi. Nilipofungua haukumwagika. Ulibaki bonge, na alama za vidole vyangu zimo.

Ndipo nikatazama ukuta wa shimo. Upande ule wa mtama mizizi ilikuwa imening'inia, myembamba kama nyuzi za kushonea kofia, imeshuka kutoka juu, imepita ule udongo mgumu kwenye nyufa, mpaka kiunoni kwangu, na mingine imeingia chini zaidi nisikochimba. Huko juu kwenye vumbi ilikuwa mingi lakini mikavu. Ile ya chini ilikuwa myeupe na ukiigusa ina maji. Mtama ule wa kijivu, uliosimama kama mgonjwa, ulikuwa unakunywa. Ulikuwa unakunywa mvua ya mwezi wa tatu ambayo sisi tulikwisha isahau.

Nikatoka nikaenda mbio kwenye mistari sita ya mahindi, nikachimba pembeni ya shina. Mizizi yote ilikuwa imekusanyika juu, imejisokota kama kata ya kubebea maji, shubiri moja tu chini ya vumbi. Nikaenda kwenye mahindi tuliyoyaacha bila kikombe. Yale yalikuwa yameshuka. Si kama mtama, lakini yameshuka. Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakiona siku zote nne nikiwa kizingitini bila kukitia akilini. Yale yaliyoachwa yalikuwa yanajikunja mchana na kukunjuka asubuhi. Ile mistari yetu ikishajikunja haikukunjuka tena.

Siku ile ile, kwa bahati yangu, Bwana Shamba alipita na baiskeli. Ni kijana wa Kipare, huvaa soksi ndefu mpaka magotini, na hapa kijijini tulikuwa tukimcheka kwa soksi hizo. Nilimsimamisha barabarani nikiwa nimejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Alidhani nina wazimu, lakini akaja, na alipotazama shimo akashuka ndani na soksi zake zote.

Alikaa humo muda mrefu. Kisha akanieleza, na nakueleza kama alivyosema, maana tangu siku hiyo nayaona mashamba kwa macho mengine. Mmea ukiwa mchanga, alisema, mdomo wake uko juu, karibu na kiganja cha mkono wako. Ukiunyima maji hapo unakufa. Kadiri unavyokua unashuka, wiki hadi wiki, unafuata unyevu, ilmradi chini kuna maji na hakuna tabaka gumu la kuuzuia. Kila mmoja na tabia yake, kunde hazishuki kama mahindi, na mahindi hayashuki kama mtama. Nikamuuliza, basi ukishashuka umeacha kunywa juu? Akasema hapana.

"Juu ndiko kwenye mizizi mingi, na mvua ikinyesha hata kidogo utanywa juu kwanza, kwa sababu ni karibu. Chini ni pa kukimbilia wakati wa dhiki. Lakini mahindi yako mliyapa kikombe kila siku. Yangeshuka kutafuta nini?"

Akaniambia mistari sita nisiihangaikie tena, imekwisha. Mtama nisiung'oe. Niparue magugu juu juu tu, nisichimbe ndani nikafungua udongo, kwa kuwa magugu nayo yanakunywa mle mle. Nikishayaparua niyaache yalale chini yafunike ardhi. Nikamuuliza kama mvua isipokuja. Hakunidanganya. Alisema maji yaliyo chini yana mwisho, lakini bado hayajafika mwisho.

Mzee Kibwana alipokuja kumchukua binti yake nilimwomba kwanza aje nyuma ya nyumba. Mama, fikiria. Kumwambia baba mkwe wako mtu mzima ashuke ndani ya shimo la choo. Nilisema tu, "Baba, nina kitu nataka ukishike kwa mkono wako, na kiko humu." Alinitazama, akatazama shimo, akavua kanzu akabaki na msuli na fulana, nikamshika mkono akashuka kwa vijiti nilivyoweka kama ngazi. Nami nikashuka. Tulikuwa tumebanana kifua kwa kifua, mimi na mkwe wangu, sijui nitazame wapi. Akachukua udongo wa chini, akaufumba, akaufungua, akaunusa. Akafuata uzi mmoja wa mzizi kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Nilimsubiri aseme.

"Miaka yote nimelima nikitazama majani," akasema. "Huku sikuwahi kuja."

Tulipotoka aliketi kwenye jamvi akajifuta mikono, akaniambia Tatu anamchukua, hilo halibadiliki. Mimi nibaki na mtama. Mwezi ukiandama bila mvua nimfuate, tuzungumze tena habari za Mlingotini.

Tatu alikuwa amekwisha pandishwa garini alipoinama akaniuliza kuhusu mistari sita. Nilitaka kumwambia ipo. Nikashindwa kumwongopea, nikamweleza nilichokikuta chini yake. Shingo yake nilikuwa bado naiona ilivyoingia ndani kwa kubeba debe. Kisha akasema polepole, "Basi tuliizoesha kusubiri kikombe." Gari likaondoka.

Hizo siku zilizofuata sitazieleza sana. Nilikuwa peke yangu na jembe. Niliparua kama nilivyoambiwa. Mistari sita niliikata kwa mikono yangu nikaitandaza kwenye mtama ifunike udongo, na kazi hiyo ilinichoma moyo kuliko kazi yoyote niliyofanya kwenye mkonge. Jirani mmoja alikuwa ameanza kung'oa mtama wake ili mvua ikija apande kunde. Nikampeleka shimoni. Akaacha kung'oa, akamleta ndugu yake, na ndugu yake akawaleta wengine, hata Bwana Afya alipofika alikuta watu saba wamezunguka choo changu wakichungulia, akauliza kuna nini humo. Balozi, aliyenionya mara tatu, aliona haya. Mimi nilisifiwa kwa shimo refu.

Mwezi ukaandama. Mvua haikunyesha. Nilikesha na mawazo, na asubuhi nikaenda kwa mkwe wangu kama nilivyoahidi, sina hoja mkononi ila shina moja la mtama nililolikata njiani nikitoka shambani. Yeye alilipokea, akalifunua majani ya juu kwa ukucha. Ndani suke lilikuwa limeanza kuchungulia, laini, rangi ya maziwa. Alimwita mkewe aje alitazame. Hakutaja Mlingotini. Aliniambia nile chakula kwanza, halafu nirudi nikautunze mtama, ndege wasije wakanitangulia.

Mvua ilinyesha siku ya sita baada ya hapo, alasiri, nikiwa juu ya dungu nafukuza ndege. Ikanyesha tena baada ya siku tatu. Mbili tu, basi, mpaka leo hakuna nyingine. Lakini zilitosha. Mahindi yale yasiyopata kikombe yamenipa magunzi mafupi, debe tatu nimepukuchua. Mtama umejaza dari ya ndani, na mwingine nimemwekea mkwe wangu kwake. Wale waliong'oa mtama wao wote mapema, ninawagawia kidogo kidogo, nao walikwisha nisaidia kuezeka choo.

Sitaki ufikiri nimekuwa mjuzi. Bwana Shamba anasema mwaka mwingine masika yakianza vibaya chini hakutakuwa na kitu, na hapo hata mtama utalala. Nimemsikia. Ila sasa najua pa kutazama kabla sijakata tamaa, nami sitanyweshea tena kikombe kikombe. Nikiwa na maji nitayamwaga mengi kwa mara moja, yazame, halafu niyaache mazao yayafuate.

Mtoto tumempa jina lako, Mwanakheri. Alizaliwa kwa babu yake mchana, saa nane, Bi. Mwanaidi alitembea kutoka huku mpaka kule kwa ajili hiyo tu. Tatu amerudi kwangu juzi. Uso umemjaa. Nikimtazama amelala na mtoto, huwa natoka nje nikakaa kidogo, nipumue.

Barabara ya kusini sasa imekauka na kivuko cha Rufiji kinafanya kazi. Ukiweza kuja kabla ya vuli, nitakusubiri Chalinze siku yoyote utakayoniandikia. Andika mwenyewe.

Nisalimie dada Mwajuma, mwambie dawa ya kifua aliyoniomba nitampelekea mtu akipatikana. Mjomba Selemani mshona kofia, mwambie kofia yake bado ninaivaa Ijumaa. Bi. Zuhura jirani, mwenzako wa darasani, shikamoo zake nyingi. Baba mkwe na mama mkwe wanakusalimu sana, na wanasema mjukuu ana paji lako la uso, ingawa hawajakuona.

Tatu ameketi hapa karibu nami anapepeta, ananiambia niandike neno lake pia, nisilipambe. Nalinukuu:

"Mama, shikamoo. Nilikuwa naogopa kwamba hata nikizaa salama nitakuwa sina cha kumpa. Leo nimekula uji wa mtama asubuhi, na maziwa yananitoka mpaka nguo inalowa."

Mimi mwanao akupendaye,
Bakari Hamisi